Neno Alilolikataa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alijua kuuliza bei ya zulia kwa Kiurdu kabla hajajua kuomba glasi ya maji. Kosa si lake. Kijitabu chake cha wasafiri, kwa dalili zote, kilitungwa na mtu ambaye safarini hajawahi kuumwa hata jino: kurasa tisa za mazulia, nusu ukurasa wa hospitali.

Naye safari yake ilikuwa ya hospitali. Mumewe, fundi saa, alikuwa na moyo uliochelewa kuliko saa zote alizowahi kutengeneza, na wa kuupasua walikuwa nchi ya mbali, kwenye wodi ambayo manesi wake husema Kiurdu tu. Msindikizaji anayeruhusiwa ni mmoja. Wiki za kujifunza, tatu.

Basi akawa anashona huku anakariri. "Dard yahan hai," maumivu yako hapa, aliiambia sindano kila ilipomchoma.

Mwalimu wake alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyeishi huko miaka minane, mtaa mzima ukimwita Babu Gia. Alifundisha kama alivyoendesha: bila breki.

"Leo neno la mwisho. Intiqal. Yaani mtu amefariki."

Mkasi ukamponyoka fundi. "Hilo silitaki, babu."

"Utalitaka."

"Toba! Nilibebe mwenyewe mpaka huko, kama sanda kwenye begi?"

"Sikiliza, mwanangu. Daktari atoke, akwambie, nawe umchekee, useme shukria?"

Mumewe, aliyejilaza kwenye kochi akijifanya amesinzia, akafungua jicho moja. "Jifunze, mama. Ukishukuru kwa kifo changu, haki ya Mungu nitafufuka nikuulize."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wanaotetemeka. Maneno mengine yalimtoka fundi usiku kucha kama maji kwenye pakacha. Hilo alilisikia mara moja tu, likamganda kama kupe.

Siku ya upasuaji alikaa saa tano akiukodolea macho mlango. Ulipofunguka, akatoka daktari, barakoa kidevuni, akaanza kumwaga Kiurdu, mikono ikipanda na kushuka. Fundi hakuelewa kitu, wala hakujaribu. Alikuwa akichambua, kama mtu anayechambua mchele gizani, akitafuta jiwe moja tu: intiqal.

Daktari akamaliza.

Hakulisikia. Au limepita, masikio yakalikimbia?

"Dobara boliye," akasema. Sema tena.

Daktari akasema tena. Hakulisikia.

"Dobara boliye."

Safari hii daktari alimtazama kama anayetaka kumpeleka kwa mwenzake wa masikio. Lakini alirudia, polepole, na fundi akayapokea maneno moja moja, akiyageuza, akiyaogopa, mpaka la mwisho.

Halimo.

Ndipo akaketi palepale sakafuni.