Bango Lililojaa Uso

Mpiga besi wa bendi ile walimwita Nguzo, na jina lilimkaa, maana akishapanda jukwaani hasogei hata umtekenye. Ila mtandaoni, lo! Huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye ndiye aliyekabidhiwa ukurasa wa bendi, na kila siku aliupamba kwa picha mpya: Nguzo na gitaa, Nguzo bila gitaa, Nguzo akitazama mbali kana kwamba kasikia anaitwa. Mashabiki wakamiminika, wengi wao wa nchi ambazo hata kuzitamka kulimshinda, naye akavimba kichwa.

Huku ukumbini, viti vitupu. Mwenye ukumbi, mama asiyezungusha maneno, akampasulia ukweli: "Jumamosi hii nisipoona watu, nafasi yenu nampa mtu wa disko. Sina ugomvi na nyinyi. Nina ugomvi na viti."

Nguzo akakimbilia saluni kwa mkewe, msusi, akamkuta katikati ya kichwa cha mteja. "Hebu tazama! Watu wote hawa wananipenda, halafu hawaji!"

Mkewe akafuta mafuta vidoleni, akaipokea simu. Bango la Jumamosi lilikuwa uso mtupu.

"Mume wangu, mahali pameandikwa wapi?"

"Hapo chini."

"Hapo chini ni kidevu chako."

Kweli bwana. Alivyoikuza picha apendeze, anwani na saa vyote vikazama nyuma ya kidevu. Mkewe akashuka kwenye maoni. Mmoja kauliza, mnaanza saa ngapi? Nguzo kamjibu kwa kopa jekundu. Mwingine, huo ukumbi uko wapi? Kopa. Mteja alicheka mpaka msuko wake wa nusu ukafumuka.

Halafu mkewe akaisogeza simu karibu na macho. "Huyu anayejiita Bibi Maua, aliyeuliza mara tatu, unamjua?"

"Shabiki tu."

"Ni mama yangu."

Nguzo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe, ambaye hata kumsalimu humsalimu kichwa kikiwa chini, yeye kamrushia makopa matatu na busu juu yake!

Alasiri ile yote hakubanduka kwenye benchi la saluni. Alijibu swali moja baada ya jingine, tena kwa maneno: tuko nyuma ya soko, tunaanza saa moja jioni, njoo na mwenzio. Wa mbali akawawekea video ya mazoezi, nao wasikie kitu badala ya kutazama sura. Bango akalitengeneza upya, uso ukabaki kama stempu. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Wa mwisho kuandikiwa alikuwa mama mkwe, Nguzo akifuta na kuandika tena.

Jumamosi ukumbi haukufurika, lakini watu walikuja, wakacheza, mpaka mwenye ukumbi mwenyewe akaburuta viti pembeni kuwapisha na kuwaambia wanabendi wasikose wiki ijayo. Mama mkwe alikaa safu ya mbele, macho kwa mkwewe tu. Muziki ulipokwisha, Nguzo akamwendea na kuanza kumwomba radhi kwa yale makopa.

"Hayo niliyacheka, baba," akamkatiza. "Ila tangu umuoe binti yangu sijawahi kukusikia ukipiga. Nilidhani hutaki nije."

Wenzake walikuwa wameshaanza kukunja nyaya. Nguzo akarudi jukwaani, akachomeka tena gitaa lake, akampigia mama yule wimbo mzima, besi peke yake.