Nukta Moja ya Bi Sumie

Saa tatu na robo asubuhi, Bi Sumie Karasawa anapiga magoti kwenye zulia la chumba cha michezo. Anaweka mbele yake boksi la vitamu vya maharage lililofungwa vizuri kwa karatasi ya zambarau, kisha anainama mpaka paji la uso linagusa mikono yake.

Mbele yake amesimama mwenye nyumba ya wageni, Bi Yoriko Hoshina, na ndoo ya kupigia deki mkononi. Haelewi kinachoendelea.

"Nimekuja kuomba radhi," anasema Bi Sumie bila kuinua kichwa. "Mliuziwa mashine yenye kasoro. Kasoro ni yangu."

"Mashine ipi, mama?"

"Hii ya magari."

"Si uliitengeneza Jumanne? Picha imerudi, wageni wanacheza."

"Sizungumzii Jumanne. Nazungumzia mwaka 1975."

Bi Yoriko anaiweka ndoo chini.

Bi Sumie ana miaka 70 na ni fundi wa mashine za michezo. Anaishi mjini Takasaki, Japani, na mumewe, na kila wiki hupanda treni na mabasi ya milimani akiwa na begi la vifaa, akizunguka kwenye nyumba za wageni za chemchemi na maduka ya peremende ambayo bado yana mashine za zamani. Hutoza yen elfu tisa kwa safari, nauli ikiwa humo humo. Kuna siku, baada ya nauli, hubaki na hela ya bakuli moja la tambi.

Mashine iliyompeleka hapa kijijini Yunokubo ni ya mchezo uitwao Toge, yaani njia ya kupita mlimani. Ina usukani, pedali moja na kioo cha rangi nyeupe na nyeusi. Unakanyaga mafuta, barabara inashuka kukufuata, na magari ya wenzako yanakuja usoni huku sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma. Kwa mtoto wa leo ni kichekesho. Kwa watu wa mwaka ule ilikuwa mara ya kwanza kushika usukani, kwani wengi hawakuwa na gari.

Ndani yake hamna programu wala akili ya kompyuta. Kila nukta nyeupe ya gari lako hutoka kwenye dayodi moja, kipande cha kioo kama punje ya mchele, kilicholehemiwa kwa mkono. Gari zima ni dayodi 62.

"Mainjinia husema wao ndio waliolibuni lile gari," anasema Bi Sumie. "Sawa, hatukatai. Ila sisi wasichana ndio tuliolichora, nukta kwa nukta, na mapua yetu yakiwa yamejaa moshi."

Walikuwa wasichana 18 kwenye meza ndefu ya kiwanda kidogo mjini Tokyo. Mshahara ulikuwa yen 58,000 kwa mwezi. Kila mmoja alikuwa na namba yake, na namba hiyo iligongwa kwenye kila bodi aliyoianza. Sumie, binti wa miaka 20, alikuwa namba 14.

Mwisho wa meza alikaa mkaguzi, kijana wa miaka 25 aitwaye Tetsuji Karasawa. Kazi yake ilikuwa kuendesha kila mashine mara tatu kabla haijapakiwa. Wasichana walimwonea wivu na kumtania kwamba analipwa kwa kucheza. Alikuwa akiwajibu, "Njooni tubadilishane, mikono yangu inauma."

Saa tisa kila alasiri redio ilipiga muziki wa mazoezi. Muziki ukianza, kila mtu aliacha alichoshika, akasimama, akanyoosha mikono juu, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji. Tarehe 27 Desemba muziki ulimkuta Sumie akibakiza dayodi moja. Akaweka chini chuma cha kulehemu, akasimama kama wengine.

Aliporudi, trei za bodi zilikuwa zimesogezwa mbele, na yake imo, kwani mwaka ulikuwa unaisha na kila mtu alikuwa na haraka. Akachukua bodi mpya, akaendelea.

"Jioni kisahani changu kilibaki na dayodi moja," anakumbuka. "Na asubuhi tulikuwa tukigawiwa kwa idadi kamili. Nikajua kuna bodi yangu imeondoka na tundu tupu."

Lori lilikuwa limeshaondoka na mashine 36. Angesema, lingefuata swali la mkaguzi alikuwa akitazama wapi. Na huyo mkaguzi, Sumie alikuwa anampenda tayari, ingawa mwenyewe hakuambiwa. Akaificha dayodi kwenye kikopo cha sindano.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Bi Sumie ulikuwa nukta moja, na aliuzungushia ukuta wa miaka hamsini. Aliolewa na Tetsuji mwaka 1978, wakamzaa binti yao Kei, kiwanda kikafungwa, yeye akageuka fundi wa kuzunguka. Kila alipofungua mashine ya Toge aliwasha kwanza na kulitazama gari. Siku zote lilikuwa zima. Yeye hakumwambia mumewe neno. Aliona kwamba kumwambia ni kumjulisha mzee wa watu kuwa katika ukaguzi wake wote, moja lilimponyoka.

Jumanne iliyopita picha iliporudi kwenye kioo cha Yunokubo, aliliona gari bila kona ya mbele kushoto. Alidai basi linamwacha, akatoka mbio. Leo amerudi na vitamu, chuma cha kulehemu na kile kikopo.

Bi Yoriko anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anacheka hadi anashika ukuta.

"Mama, hiyo si kasoro! Hilo ndilo gari letu. Hapa kijijini tunaliita Kipengo. Mimi nimeolewa hapa nimelikuta, na wanangu wote wamekulia kwenye usukani huu."

Wakati huo anaingia Bwana Mogi, mpeleka barua wa Yunokubo, na bahasha mkononi. Anaona chuma kinapashwa moto, anauliza kuna nini. Anapoambiwa, bahasha zinamdondoka.

"Shangazi, usithubutu! Unajua rekodi ya hapa ni ya nani?"

"Ya nani?"

"Yangu! Tangu mwaka 1984, nikiwa na miaka kumi na minne!"

Siri anaitoa mwenyewe. Mashine hii huhesabu ajali pale nukta za gari moja zinapogusana na za jingine. Pasipo na nukta hapana ajali. Watoto wa Yunokubo waligundua mapema kwamba Kipengo hupenya upande wa kushoto mahali ambapo gari lolote lingepasuka.

"Kumbe miaka yote ulikuwa mwizi," anamchokoza Bi Yoriko.

"Mwizi wa nini? Nimepita palipo wazi!"

Bi Sumie hacheki. Machozi yanamlengalenga. "Mnanifariji tu," anasema. "Fundi akijua kasoro yake na akaiacha, huyo si fundi tena. Niruhusuni nimalize kazi yangu."

Hakuna wa kumzuia mwanamke aliyekwishapiga magoti. Bi Yoriko anaitikia kwa kichwa, Bwana Mogi anageukia dirishani asione.

Jumanne fundi alifungua upande wa kioo tu. Sasa anafungua mlango wa chini, nyuma ya boksi la sarafu, anapangusa vumbi la nusu karne. Bodi ya gari hiyo hapo, na muhuri wa namba 14, na tundu moja tupu. Kando yake imebandikwa karatasi ya ukaguzi iliyogeuka rangi ya chai. Ina muhuri mwekundu wa Karasawa. Chini ya muhuri kuna maneno ya penseli, mwandiko anaouona kila siku kwenye kalenda ya jikoni kwake:

"Wapakiaji: nukta moja haipo. Gari linakwenda vizuri. Pitisheni. Namba 14 asiulizwe."

Bi Sumie anaisoma mara mbili. Anakaa sakafuni, anatoa simu.

"Baba Kei, wewe ulijua?"

"Nilijua nini? Umekula?"

"Gari lenye pengo."

"Limepatikana?" Sauti ya Mzee Tetsuji ni ya polepole, kwani kiharusi cha mwaka juzi kilimwachia ulimi mzito na mkono wa kushoto mlegevu.

"Miaka hamsini, Baba Kei! Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakulinda wewe."

"Basi na mimi nilikuwa nakulinda wewe. Wangekufukuza, Mama Kei. Wangekufukuza, saa tisa ningekuwa namtazama nani akinyoosha mikono?"

Bwana Mogi anajifanya anaokota barua. Bi Yoriko hajifanyi, anajifuta machozi kwa kitambaa cha deki.

Chuma kinachomolewa kwenye umeme. Bi Sumie anatoa dayodi kwenye kikopo cha sindano na kuibandika kwa gundi ya karatasi juu ya ile karatasi, kando kabisa ya muhuri mwekundu, kisha anafunga mlango kwa skrubu zake nne. Malipo ya leo anayakataa. Vitamu vya maharage vinafunguliwa, vinaliwa na wote watatu.

Mpango wake ni kumleta mumewe Yunokubo tarehe 27 Desemba, kwa basi la asubuhi, amwogeshe kwenye maji moto, kisha amketishe mbele ya usukani. Mkono mmoja unatosha, anasema, yeye atamkanyagia mafuta. Mzee ataliendesha Kipengo mara tatu, kama zamani.

"Yeye ndiye mkaguzi," anasema Bi Sumie akifunga begi. "Akilikataa safari hii, nitalehemu hapo hapo. Lakini namjua yule mzee. Atalipitisha tena."