Senti Yenye Tundu Ndani ya Rili ya Babu

Kabla ya kuwasha gari, Hezekiah Muthee anafungua begi lake juu ya boneti na kutoa kitu kimoja kimoja: shati, chaja, chupa ya dawa ya kikohozi, bisibisi ndogo na rili ya shaba iliyofungwa ndani ya soksi. Ni saa kumi na mbili asubuhi mtaani Al-Suwaidi, Riyadh, na watoto wa bosi wanakaribia kutoka kwenda shule. Anakagua, anarudisha, anafunga zipu. Jioni atarudia.

"Naangalia kama kuna kitu si changu," anasema. "Hapa wakipata kitu si chako ndani ya begi lako, halas. Umeisha."

Hezekiah, 43, ni dereva kutoka Kiganjo, kaunti ya Nyeri. Analipwa riyali 1,800 kwa mwezi, na mkataba wake umebakiza miezi minne.

Rili hiyo ni gurudumu dogo la kukunjia uzi wa ndoano, pana kama kisosi cha kahawa. Wazungu waliokuja kuvua trauti katika mto Thego walitumia rili za namna hiyo, na babu yake aliwabebea mizigo. Babu alimwachia baba, baba akamwachia yeye. Hezekiah mwenyewe hajawahi kuvua hata dagaa. Alikuja nayo Riyadh kwa sababu nyumbani kuna ndugu wengi na kufuli mbovu.

Balaa lilianza kwa wema. Mwezi Machi alitaka kuipiga picha amtumie binti yake, akamwomba Jerusha, mfanyakazi wa ndani, aipanguse kidogo. Jerusha husugua madele, yale mabirika ya kahawa ya madam, kila Alhamisi, na kazi yake haina mchezo. Aliipaka dawa ileile ya madele, akaisugua mpaka ule weusi wa miaka mingi ukatoka wote. Rili ikang'aa kama imetoka dukani jana. Hezekiah alishukuru sana.

Siku mbili baadaye bosi alimkuta ameishika gereji. Akaichukua, akaigeuza, uso ukabadilika. Marehemu baba yake alikuwa na rili ya shaba katika nyumba yao ya Jeddah, aliyoinunua mwaka 1979, na tangu msiba haijaonekana. Na wakati wa msiba huo, Hezekiah ndiye aliyewaendesha waombolezaji hadi nyumba hiyo.

"Nilimwambia, bosi, hii ni ya babu yangu. Akaniuliza, ya mwaka gani? Sikujua," anasema. "Mtu anakuuliza umri wa mali yako na hujui. Hata mimi ningejishuku."

Bosi aliamua waende Jeddah kwa Awad, fundi wa vifaa vya uvuvi karibu na soko la samaki, aliyekuwa akimtengenezea marehemu vyombo vyake. Fundi akisema ni ya miaka ya sabini, kesi iende polisi. Akisema ni ya zamani zaidi, basi.

Ni safari ya mwendo wa saa tisa, na Hezekiah ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Anakiri hajawahi kuogopa vile maishani. Bosi alikaa nyuma, rili mapajani, akipiga simu baada ya simu, na kila mara Hezekiah alisikia neno shurta, yaani polisi. Ikama yake, kibali cha ukaazi, ilikuwa mfukoni mwa bosi.

Kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo, ambayo hakumwambia mtu. Babu hakuwahi kusema aliipataje. Je, kama naye aliichukua tu?

Awad aliipokea, akaisogeza dirishani, akasema neno moja: "Jadid." Mpya.

"Nilishika meza yake," anasema Hezekiah. "Nilimwona mke wangu akipigiwa simu kwamba nimekamatwa."

Akamweleza fundi kwa Kiarabu chake cha barabarani habari ya Jerusha na dawa ya madele. Bosi akatikisa kichwa. Hezekiah akasihi ifunguliwe, kwa kuwa Jerusha alisugua nje tu, ndani hakufika. Awad akasita, skrubu zilikuwa zimeshikana, lakini akaweka mafuta, wakangoja. Ilikuwa robo saa. Hezekiah anaapa ilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Riyadh.

Ndani ilikuwa nyeusi. Skrubu tatu zilikuwa za kuchongwa kwa mkono, hakuna iliyoingia tundu la mwenzake. Akakikwaruza kishikio; kilikuwa cha pembe halisi, si plastiki kama cha rili ya marehemu. Awad akasema kazi ya namna hiyo ina karibu miaka mia. Halafu akanyanyua kidude chembamba katikati, akakitazama, akacheka. Mtu fulani zamani, alipokosa washa, ile pete ya kuzuia gurudumu lisicheze, aliweka sarafu yenye tundu.

Hezekiah aliitambua kabla hajaishika. Ilikuwa senti moja ya Afrika Mashariki, yenye pembe mbili za ndovu zilizozunguka tundu, mwaka 1942. Bibi yake alikuwa nazo kwenye kopo.

Bosi akaichukua, akaigeuza. Baba yake hakuwahi kukanyaga Afrika. "Yalla," akasema, "turudi."

Hakuomba radhi, na Hezekiah hakutarajia. Ikama alirudishiwa Riyadh. Jerusha, aliyelia wiki nzima, hagusi tena kitu cha mtu bila kuambiwa mara mbili.

Hofu, hata hivyo, haijaondoka. Ameomba barua ya kuthibitisha kwamba rili ni yake, bosi amesema inshallah, na wiki ya sita imepita. Mpango wa Hezekiah ni kufika nyumbani mwezi Septemba na kumkabidhi binti yake, Charity, rili hiyo, pamoja na onyo kwamba asiisugue kamwe. Fundi alitaka kumwekea washa mpya, yeye akakataa; senti ikarudi mahali pake.

Je, uwanja wa ndege wakimsimamisha?

"Nitawaomba bisibisi, kama yangu watakuwa wamenipokonya," anasema, akiirudisha rili ndani ya soksi. "Nimefanya mazoezi. Skrubu tatu, dakika mbili. Nitaifungua mbele yao niwaonyeshe babu yangu."