Kulaza si Kuua

Mtaani walimwita Bi Shingo, na si kwamba shingo yake ilikuwa ndefu. Zilikuwa shingo za panya. Alizivunja kwa miaka thelathini na moja katika chumba cha uani: vidole viwili nyuma ya masikio, mkono wa pili kwenye shina la mkia, mvuto mmoja, tk! Watu waliofuga nyoka majumbani, na walikuwa wengi kuliko jirani zao walivyodhani, walimjia na vikapu vyao, maana panya wa Bi Shingo alimfikia nyoka akiwa na joto bado, hana jeraha, hana sumu, wala hana tena meno ya kumrudishia mlaji.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, mtunza wanyama wa maabara ya chuo, siku zile mtunza wanyama alipovaa koti jeupe lililopigwa pasi na kusalimiwa na wakubwa. Bi Shingo alikuwa akipiga deki humo. Wanaume wengine huanza na soda. Yule alianza na panya.

"Akilia, umemuua," alimwambia. "Asipolia, umemlaza."

Ndiyo posa yenyewe. Na neno hilo, kulaza, lilikuwa na uzito wa chuma. Mtu wa kazi akikwambia "nimelaza sita", hukuuliza mara mbili. Siku hizi maneno yamekuwa kama ndala za mlangoni, kila anayetoka huvaa zilizo karibu.

Mume alipokufa alimwachia binti mmoja na chatu jike wa urefu wa mtu mzima na nusu yake. Chatu yule aliitwa Mke Mwenza. Bi Shingo mwenyewe alimpa jina hilo, siku alipomkuta mumewe anampangusa mgongo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu.

"Mgongo wangu mimi hujaupangusa tangu unioe."

"Wewe unajivua ngozi?"

Alimrushia kata ya maji, wakacheka wote. Baada ya mazishi walibaki wawili, wake wenza wasio na mume, wakitazamana kupitia kioo. Binti alikuwa na nyumba yake na mambo yake. Mke Mwenza hakuwa na mtu ila Bi Shingo. Na Bi Shingo, tuseme kweli, alikuwa hivyo hivyo.

Halafu vidole vikagoma. Ugonjwa wa viungo ulianza kwenye gumba la kulia, ukahamia mkono wa pili kama mgeni anayekagua vyumba. Siku moja panya akalia. Wa pili akalia, akamng'ata, akaponyoka akiwa amepooza nusu, akajiburuta sakafuni kwa miguu ya mbele mpaka Bi Shingo alipompiga kwa ufagio, mara nne, macho amefumba. Jioni ile ile alitoa panya wake wote kwa wafugaji wengine. Hakutaka kuwa muuaji uzeeni.

Lakini Mke Mwenza lazima ale.

"Mtupie panya mzima mzima," alisema bintiye. "Msituni nani anamlazia?"

"Msituni panya ana pa kukimbilia. Ndani ya kioo atakimbilia wapi? Atageuka apigane."

"Basi tega wa ghalani."

"Wamelamba sumu ya kila duka."

"Kuna wa barafu, wanauzwa kwenye mifuko."

"Utaniwekea kwenye friji yako?"

Friji ya binti ilikuwa na nyama.

"Mama, si umzike tu huyo nyoka upumzike?"

"Nimzike mke mwenzangu angali hai? Hata wewe ukiolewa uke wenza hutafika huko."

Ndipo akaja yule waliyemwita Daktari, mwanamume wa makamo mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni, na glavu, na kasha jeupe nyuma ya pikipiki. Alifuga panya mia tatu, na hakuna aliyemfundisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unao wakubwa?"

"Wa kila saizi."

"Waliolazwa?"

"Wamelazwa asubuhi hii hii, mama. Safi kabisa."

Aliwapokea watatu. Laini, wana joto, hawana jeraha. Angeweza kuwabana kidole cha mguu kuwapima, hakufanya hivyo. Zamani kumpima panya uliyeambiwa amelazwa ilikuwa sawa na kumwita mwenzako mwongo mbele ya wanawe. Akawaweka mbele ya Mke Mwenza, ambaye asubuhi ile ya baridi alikuwa mzito hajajikunjua, akafunga kioo, akaenda zahanati kutazamwa vidole.

Foleni ilimweka mpaka alasiri.

Aliporudi, kioo kilikuwa na damu kwa ndani. Panya wawili walikuwa juu ya mgongo wa chatu, wameufungua kama mtu anavyofungua mshono, na wa tatu alionekana mkia tu; mwili wote ulikuwa ndani ya jeraha. Mifupa ilikuwa nje, myeupe, kiungo baada ya kiungo. Mke Mwenza alikuwa bado anatoa ulimi.

Bi Shingo alitia mikono yote miwili. Wa kwanza alimng'ata mpaka kwenye mfupa; akampigiza ukutani na kidole chake mwenyewe kikiwa bado kinywani mwa panya. Wa pili alimkanyaga. Wa tatu alimvuta mkia kutoka ndani ya nyama, akamshindilia kwa kigoda, akashindilia, hata kigoda kikapoteza mguu. Wote watatu walilia. Mtaa mzima ulisikia.

Kisha akachukua panga. Alimburuta Mke Mwenza mpaka uani, akampangusa mgongo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, pale palipokuwa bado na ngozi, akaweka kichwa juu ya gogo la kuni. Vidole havikufunga vizuri kwenye mpini, kwa hiyo ikawa mapigo matatu badala ya moja. Nyoka halii. Bi Shingo hatajua kamwe kama alimlaza au alimuua.

Wiki iliyofuata Daktari alirudi na kasha lake. Alimkuta ameketi uani, mkono umefungwa bandeji.

"Shikamoo mama. Mwenzio amekula?"

"Ameliwa. Wale panya uliwafanyaje?"

"Niliwalaza, mama. Matone mawili ya dawa ya usingizi, wasining'ate njiani."

Bi Shingo alichukua panga juu ya gogo la kuni. Kisha akafunga komeo la lango, akasimama mbele yake, panga likining'inia mkononi.

"Vua glavu. Leo hawajanywa dawa?"

"Hawajanywa, dawa imeisha. Lakini mama..."

"Toa mmoja. Vidole viwili nyuma ya masikio. Shina la mkia. Vuta."

Daktari alitazama panga, akavuta. Panya akapiga kelele.

"Umeua. Mwingine."

Wa pili alilia. Wa tatu alimng'ata, naye Daktari akaapa kwa mama yake, akamponda. "Umeua. Mwingine." Jasho na machozi vilishindana kufika kidevuni mwake. Wa nne, wa tano, wa sita, uani kukajaa damu na mikia. Wa saba: tk! Kimya.

"Huyo," akasema Bi Shingo, "amelala."

Alimpokea, akamgeuza, bado ana joto. Miguu yake, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, ikampeleka chumbani mpaka mbele ya kioo. Akasimama hapo, panya mkononi. Kisha akarudi, akamweka ndani ya kasha jeupe peke yake.

"Mpelekee mwenye nyoka," akasema, akafungua komeo.