Nilitumwa Dirma Kuchunguza Ukoo wa Watu

Nilienda kuchunguza ukoo wa watu. Nikarudi nimeuvua nguo ukoo wangu mwenyewe.

Wakuu, msicheke kwanza.

Dada yangu Hilda alipata mchumba, Alex, kijana wa kijiji cha Dirma. Sisi ni wa Tumati, na kwetu binti haendi kwa watu msiowajua. Lazima mtu atumwe kimya kimya akaulize: wana ugomvi? Ulevi je? Wanapiga wake zao?

Nikatumwa mimi, Hermani, kaka mtu.

"Kaka, ukiharibu nitazeekea hapa," Hilda akaniambia.

Shida ikawa jina la kazi yenyewe. Mjomba Basili aliita upelelezi. Mama akasema ni umbea wenye baraka. Baba akasema utafiti, kasikia redioni.

Nikachukua utafiti. Nikanunua na daftari.

Dirma nikakaa kwenye kibanda cha chai. Pembeni bibi mmoja, shuka begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Tumati."

"Mtoto wa nani?"

Mkubwa akikuuliza, unajibu. Ndivyo tulivyolelewa. Akauliza mvua, nikajibu. Akauliza ng'ombe, nikajibu.

"Na majirani mnaelewana?"

Hapo ndipo nilipochemka. Nikamwambia baba aling'oa katani za mpaka wa mzee Sylvester, akamla hatua kumi za shamba, mwaka wa tisa huu hawasalimiani.

"Mkeo hajambo?"

"Alirudi kwao, bibi. Pombe ilinizidi. Nimeacha tangu Pasaka."

Bibi akanilipia chai, akaondoka. Daftari langu jeupe pe.

"Yule ni Philomena, bibi yake Alex," mama muuza chai akanitonya. "Tangu juzi anakaa hapo kumsubiri mtu wa Tumati."

Nilimwonea Hilda huruma hadi machozi yakanitoka.

Nyumbani nikasimulia yote. Wiki mbili hakuna habari toka Dirma.

Kisha bibi akampigia baba simu: "Kijana wako kataja aibu ya kwenu bila kupigwa. Watu wa hivyo nawataka. Posa inakuja, ila kwanza rudisha mpaka wa jirani."

Baraza la kijiji lilishindwa miaka tisa. Jumatatu baba alipanda katani upya kwa mikono yake, mzee Sylvester akimhesabia hatua.

Siku ya posa nikamuuliza bibi ile kazi yake yeye anaiitaje.

"Kazi gani? Mimi nilikusalimia tu."

Ndugu zangu, kabla hamjatuma mtu akachunguze kwa watu, safisheni kwanza kwenu. Salamu ya mtu mzima huwezi kuijibu nusu.