Kabati Lililochakazwa

Sijawahi kumpenda wifi yangu, na nikisema nilijaribu nitakuwa nadanganya. Alikuja Ujiji na kaka yangu, aliyehamishiwa Kigoma kikazi kutoka Dodoma, wakafikia kwa mama kwa muda tu, eti mpaka wapate nyumba ya kupanga mjini. Nyumba hazikukosekana. Alikosekana mtu wa kuwaambia waondoke, maana kwa mama mkazamwana hafokewi. Akikosea unameza, unamkaribisha chakula. "Huyu ni mtoto wa watu," mama husema, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Mimi naishi Mwandiga, nina cherehani yangu barazani, na sina subira hiyo. Kwa bahati mbaya siku ile sikuwepo.

Sebuleni kwa mama kulikuwa na kabati la vyombo la mninga. Baba alilivusha kwa boti kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kabla sijazaliwa, limeviringishwa mikeka. Kila Alhamisi jioni mama alichovya kitambaa kwenye mawese, akalisugua milango na miguu, kisha akalikausha kwa kanga kuukuu mpaka ukiliegemea na kanzu nyeupe huondoki na doa. Ndiyo maana lilikuwa jekundu, linang'aa. Baba alipofariki mama hakubaki na dhahabu wala shamba. Alibaki na kabati, na watu wakiliona walijua kwamba nyumba hii bado imesimama. Basi posa ya mdogo wangu wa kike ilipotajwa, mama aliwaza kwanza mahali watakapoketi wageni kutoka Simbo ili walione vizuri.

Wifi ana simu kubwa na muda mwingi. Kwenye hiyo simu alimwona mwanamke mmoja, wa huko wanakoishi watu wasioijua dhiki, anachukua meza nzima, anaipaka rangi, halafu anaikwangua kwa msasa mpaka inaonekana imeokotwa jalalani. Na watu wanampongeza. Wifi akamwendea mama, akamwambia anataka kulitengeneza kabati kabla wageni hawajafika. Mama aliposikia kutengeneza, alidhani vanishi. Akamjibu, "Haya mwanangu, Mungu akulipe."

Jumamosi nilipofika nilikuta kitu cheupe kimesimama sebuleni. Kona zote zimekwanguliwa, milango imekwanguliwa, na sehemu ya chini, kuanzia usawa wa goti, imesuguliwa kwa hasira kabisa, mti unachungulia vipande vipande. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele ambao nadhani alishauchambua.

"Wifi, kabati la mama umelifanya nini?"

"Nimelichakaza," akasema, bila aibu hata kidogo. "Ndiyo staili sasa hivi. Linatakiwa lionekane limechakaa."

Nilitamani kumkwangua yeye. Kuchakaa ndilo neno ambalo mama alipigana nalo tangu awe mjane. Aligeuza kola za mashati yetu upande wa ndani ukaja nje, alipiga pasi kanga zilizokwisha kupauka, alitandika mkeka pale ambapo sakafu ilikuwa imebomoka ili mgeni asikanyage tundu letu. Miaka yote hiyo, halafu anakuja mtu mwenye kucha za bandia anauingiza uchakavu ndani kwa burashi, tena anataka tumsifu. Uchakavu ni pambo kwa yule tu ambaye hajawahi kuuficha. Nilimwambia hivyo. Akasema nina wivu.

Mawese nayo yalimjibu kwa namna yake. Mti uliokunywa mafuta maisha yake yote haushiki rangi. Siku hazikupita nyingi rangi ikaanza kuvimba, ikapasuka, ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Mama akawa anayafagia maganda hayo kila asubuhi. Wifi alifurahi. "Unaona? Linajichakaza lenyewe." Nilipomlalamikia kaka yangu akasema ni fenicha tu, nisikuze mambo. Tangu hapo yeye na mimi ni salamu basi.

Siku ya posa nilikuja na kitambaa kikubwa cha maua nilichokishona mwenyewe, tukalifunika kabati lote, mama na mimi. Tulipokuwa uani tunapakua pilau, wifi alikitoa, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya kochi. Alitaka kazi yake ionekane. Niligundua wakati wageni wamekwisha kaa, na yeye ndiye alikuwa uani sasa, anapanga sahani.

Shangazi wa kijana aliyeleta posa, mama mtu mzima mwenye sura ya huruma, alikuwa akilitazama kabati. Aliweka glasi yake mezani taratibu.

"Poleni na maji, dada," alimwambia mama. "Kumbe yalifika mpaka huku."

Ilinichukua muda kuelewa. Tangu ziwa lilipopanda na kuwahamisha watu wa ufukweni, kila mtu hapa anazijua samani zilizookolewa majini: rangi imevimba, imebabuka, na chini kuna mstari unaoonyesha maji yalipoishia. Nyumba ya mama iko juu, mbali kabisa na ufukwe. Lakini watu wa Simbo ni wakulima, hawakuwa na sababu ya kujua ziwa liliishia wapi.

Nikafungua mdomo. Mama akanibana goti.

"Ahsante, dada," akasema. "Tumekwisha poa."

Basi, mama yangu, ambaye hata umri wake hapunguzi, alikubali ziwa zima liingie nyumbani kwake ili mtoto wa watu asiaibike mbele ya wageni. Nilikaa pale nikatabasamu mpaka taya likauma. Posa ilikubaliwa, wageni wakala, wakaaga kwa sauti za chini kama watu wanaotoka matangani.

Wiki iliyofuata ilikuja bodaboda kutoka Simbo na kiroba cha maharage, mablanketi mawili na salamu: wakwe wamechangishana kidogo kwa ajili ya maafa. Mama ndiye ambaye kila Ramadhani hupeleka futari kwa wasiojiweza wa mtaa ule. Hajawahi kupelekewa. Alisimama mlangoni ameshika blanketi, asijue aliweke wapi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka. Nikamwambia turudishe. Akasema zawadi ya wakwe ukiirudisha, na ndoa umeirudisha. Akaingia jikoni, akayabandika maharage.

Jioni tulikula pamoja. Wifi alimaliza sahani yake kabla yetu.

"Mama, maharage matamu haya. Ya wapi?"

"Ya Simbo. Wakwe wametuletea, msaada wa mafuriko."

"Mafuriko yapi?"

Mama akaligeukia kabati, akalitazama. Kisha akachukua upawa, akamwongezea sahani ikajaa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Umeyatafuta mwenyewe."