Mifuko Minne ya Viko vya Jirani

Nilichoma kiko cha jirani yangu ndani ya mbabula, juu ya makaa mekundu, nikakipepea mwenyewe kwa kifuniko cha sufuria. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nakisafisha.

Msinicheke kabla hamjasikia. Nyanya yangu, aliyenilea huko Pangi, alikuwa akivuta kiko cha udongo, na kiko cha udongo kikichafuka hakisuguliwi wala hakioshwi. Unakifukia ndani ya makaa, unaenda kupalilia mistari miwili ya mihogo, ukirudi kimekuwa cheupe kama yai. Niliyaona hayo utoto wangu mzima. Halafu nikasoma sekondari mpaka mwisho, nikafundishwa hata kemia, na hakuna mwalimu aliyenionya kwamba kuna viko vya mti. Macho yangu yaliona kuwa ni mti, siwezi kudanganya. Lakini siku ile mambo ya macho nilikuwa nimeyaacha, nilikuwa naongozwa na wivu.

Jirani mwenyewe alikuwa mtu wa Kasai, dereva wa garimoshi. Kati ya kwake na kwetu palikuwa na ua wa matete tu. Vita vilipofika Kindu, mji wetu, na treni zikasimama, alibaki dereva asiye na kitu cha kuendesha, akawa anakaa barzani kwake na shati lililopigwa pasi, kama mtu ambaye filimbi itamwita sasa hivi. Katika taabu ile yote alikuwa na viko vinne na kopo moja la tumbako ya kunukia, iliyokuja na treni ya mwisho kutoka Lubumbashi. Aliivuta Jumapili tu, baada ya misa, kidonge kama punje ya hindi.

Harufu ile lazima niieleze. Sisi tulizoea tumbako ya kamba, ile inayosokotwa vijijini, ambayo ukiivuta hata mbuzi anakohoa. Ya kwake ilinukia vanila, na sukari iliyoungua kidogo, na kitu kingine kama ndani ya kabati la tajiri. Ilipita juu ya matete ikaingia kwetu bila hodi. Mke wangu alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo. Mchi ulisimama hewani.

"Inanukia sawa keki ya ndoa," alisema.

"Ndoa ya nani?" niliuliza.

"Ya watu," alijibu, na mchi ukashuka.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naifanyia barzani kwangu. Kutembea sipendi. Kwenda sokoni kwangu ni safari, na Alunguli, ambayo iko ng'ambo ya mto na tunaiona kwa macho, naihesabu kuwa nchi ya kigeni. Watu husema hata vita vilinikuta nimekaa. Kwa hiyo nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuangalia mchi unasimama mara ngapi kila Jumapili.

Basi siku moja jirani alitaka kuvuka kwenda Alunguli, kuangalia shamba lake la mihogo. Alikuja kwetu asubuhi, viko vyake vimefungwa ndani ya taulo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mke wangu anachambua maharagwe. Alinipita kama mtu anavyopita kiti.

"Shemeki," alimwambia mke wangu, maana ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, kwa utani, "naenda ng'ambo siku mbili. Unichungie batoto yangu."

"Batoto yako banakulaka nini?"

"Habakulaki. Kila Jumamosi unabapangusa na kitambaa ya kukauka, basi."

Kisha akachutama, akaanza kumfundisha. Hiki kifupi, chenye tumbo nene, ni cha tumbako tamu tu. Usikubali mtu akitie tumbako nyingine, kwa sababu kiko kinakumbuka. Ndani kuna ukoko, kama ukoko wa wali chini ya sufuria, lakini huu haukwanguliwi wote: unaacha unene wa ukucha, ndio unaolinda mti usiungue. Mrija unausafisha kwa unyoya wa kuku. Mdomo wake hauuchomoi kingali cha moto, utapasuka. Na kikivutwa leo, kesho kinapumzika. Mke wangu aliitikia kila neno, "ndiyo, shemeki, ndiyo." Siku nikimweleza mimi jambo, huwa anatafuta ufagio.

"Na bifuko?" aliuliza. "Mavumbi itaingia."

"Bwana yako si iko fundi?"

Basi nikashona. Mifuko minne, kwa bitana ya koti zuri, uzi mara mbili. Mpaka leo nikikumbuka mshono ule najisikia aibu, jinsi ulivyonyooka.

Siku mbili zikawa miezi. Mto ulifungwa, pirogi zikakatazwa kuvuka, na milio ya bunduki ikasikika upande ule wa Alunguli. Hatukujua kama jirani yu hai. Tulikula sombe bila mafuta, baadaye bila chumvi, baadaye tukaongea habari za chumvi tu. Na kila Jumamosi, hata njaa iweje, mke wangu alitoa mifuko minne, akavipangusa viko kimoja kimoja. Kile kinene alikiweka mwisho. Kabla ya kukirudisha mfukoni alikipeleka puani, akafumba macho.

Mimi hakuwahi kunifumbia macho tangu harusi, na siku ile ya harusi kulikuwa na vumbi.

"Unanusa nini?" nilimuuliza.

"Nanusa wakati ya zamani, treni ilikuwa inafika."

Nilikataa kusadiki. Nani anapenda treni namna hiyo?

Ijumaa moja mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba anajisuka nywele. Nilikichukua kile kinene. Nilitaka kujua, kwa kweli, kama harufu ile ni ya kiko au ni ya yule mtu. Nikakijaza tumbako ya kamba, kwa kuwa nyingine haikuwepo, nikawasha, nikakaa kwenye kiti changu huku nimekunja mguu kama yeye. Ilikuwa kama kuvuta mbuzi aliyepakwa marashi. Nilivumilia mpaka mwisho, nikakung'uta majivu, nikanusa. Vanila ilikuwa imekimbia. Mbuzi amebaki.

Na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

Hapo ndipo nyanya yangu aliponijia akilini, na yai lake jeupe. Nikaweka kiko ndani ya mbabula, nikapepea.

Mwanzoni ulitoka moshi wa kamba. Halafu ukoko ukashika moto, ukoko wa miaka mingi, na ukaachia Jumapili zote ulizokuwa umezificha. Vanila ilijaa uani, na sukari, na lile kabati la tajiri, kwa nguvu ambayo jirani mwenyewe hakuwahi kuitoa. Nikafurahi, niseme ukweli. Nikawaza, nyanya yangu alikuwa mtaalamu. Ndipo nikasikia mbio. Mke wangu alitokea pembeni mwa nyumba, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na uso ambao sikuuona tangu vita vianze.

"Amerudi? Shemeki amerudi?"

Alinikuta mimi, na koleo mkononi.

Alininyang'anya koleo, akatoa kilichobaki: nusu ya tumbo, na mdomo umeyeyuka kama peremende. Akamwagia maji. Akajifuta macho na pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akakaa chini kando ya mbabula.

"Kama shemeki iko muzima," alisema, "utamuambia weye. Mie sitasema kitu."

Nilimwona analilia kiko cha mwanamume mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoona, na kwa wiki nzima nilikula kwa hasira kile kidogo tulichokuwa nacho. Kwamba inawezekana alikuwa analia kwa sababu kwa dakika moja aliamini mtu hajafa, wazo hilo lilinijia baadaye sana, na nililikaribisha vibaya.

Lakini kumwambia jirani, hapana. Niliondoka nyumbani, mimi mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwa mchongaji wa michi na vinu karibu na soko. Alikuwa na viko vichache. Jirani alikuwa amemweleza mke wangu jinsi kiko kinavyochaguliwa pia: kinapimwa uzito mkononi, kisiwe kizito mbele, kinaangaliwa kama tundu la mrija linafika sawasawa chini ya tumbo, kinapulizwa. Yote hayo yalisemwa mita mbili kutoka kwenye sikio langu. Sikio lenye wivu linasikia sauti tu, maneno yanapita. Nikachagua kwa uzuri. Kilikuwa na kichwa cha chui, masikio, meno, na kimepakwa verni kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikampa mchongaji suruali kwa kubadilishana, nikakitia chui kwenye mfuko wa nne. Hakikuenea vizuri. Masikio.

Mto ulipofunguliwa jirani alirudi. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, na alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake. Mke wangu alipiga vigelegele, akaenda kuwasha moto. Jirani alikaa barzani.

"Batoto yangu?"

Nilileta mifuko. Akafungua wa kwanza, akanusa, akatikisa kichwa kwa furaha. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu pia. Akafungua wa nne, akamwangalia chui, na chui akamwangalia yeye. Akampima mkononi, akampuliza nyuma, akasikiliza.

"Hii," alisema, "ilizaliwa wakati siko."

Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo. Vita vyote nilikuwa nimejaribu kumchekesha, nikashindwa. Huyu amefika na kamba kiunoni, maneno manne, basi.

Nilikiri kila kitu, mpaka habari za nyanya na mihogo. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayepewa ripoti ya ajali ya treni. Kisha akaomba tumbako ya kamba, akamjaza chui, akawasha. Verni ilivimba malengelenge. Machozi meusi yalimtoka chui machoni. Jirani alikohoa, akanikabidhi.

"Kiko ya verni haipumuwi, ndugu. Iko ya kuangalia tu. Chukua, iko yako."

Siku hizi treni inafika inapojisikia, pikipiki ndizo zinazotuamsha, na tumbako ya kunukia inakuja kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki, kwa mkono wa binti ya jirani aliyeolewa Lubumbashi. Jumapili tunakaa barzani kwangu, wazee wawili, tunagawana pakiti moja. Chui nilimkwangua verni kwa kipande cha chupa. Masikio yalikwenda pamoja nayo, sasa anafanana na paka mwenye malaria. Lakini namtunza. Unyoya wa kuku, ninao. Ukoko, unene wa ukucha. Akivutwa leo, kesho namlaza. Nayafuata masharti yote kama katekista.

Na bado, tumbako ile ile, pakiti ile ile, cha kwake kinanukia keki na cha kwangu kinanuka moshi. Mke wangu akipita na sinia, anapunguza mwendo upande wa jirani, anavuta pumzi. Akifika kwangu anasema, "Geukia kule, weye, moshi inaingia mu nguo." Jirani amebaki na meno mawili, kiko kinateleza kwenye ufizi. Mwezi uliopita nilikuta mke wangu amekizungushia uzi mdomoni ili kishike vizuri. Uzi mwekundu, wa kwenye cherehani yangu, na alikuwa ameufunga kwa fundo ambalo nilimfundisha mimi.

Nikashindwa kuvumilia. Jumapili iliyofuata, mke wangu alipoingia ndani kuchukua maji, nilimgeukia jirani. Swali lilikuwa limekaa kooni zaidi ya miaka ishirini na nilitaka kulitoa kabla mmoja wetu hajazikwa.

"Ndugu. Siku ile ulienda Alunguli, mie nilikuwa pale pale, mbele yako. Tulikuwa barafiki. Juu ya nini bitu byako ulimupa bibi yangu, haukunipa mie?"

Nilimtazama usoni vizuri. Nilisubiri macho yake yakimbie, au kikohozi, au jina la mke wangu litoke kwa namna fulani. Yeye aliutoa unyoya mfukoni, akausukuma polepole ndani ya mrija, akauchomoa, akaupangusa kwenye suruali.

"Juu mu nyumba yenu mutu ya akili alikuwa mumoja tu," alisema, "na ule mutu alikuwa anavaa kikwembe."